Vioo Vilivyofanya Kazi Jumapili

Haya ninayowaeleza ni ukweli mtupu. Nikiongeza chumvi hata punje moja, jua la Makindu na liniwakie kitandani nikiwa nimejifunika. Na jua lenyewe mnalijua. Mwaka uliopita kuku wa jirani yangu alitaga yai likatoka limechemka tayari, kazi yetu ikawa kulimenya tu. Mtu anayeishi chini ya jua la namna hiyo hathubutu kulisemea uongo.

Jumapili hiyo asubuhi Sajenti Esha Amin, mpelelezi, alichuchumaa mbele ya mlango wa seli akampitishia fundi Mutie kikombe cha chai katikati ya vyuma. Kesho yake mahakama ikifunguliwa, ilimbidi ampandishe kizimbani kwa kosa la kuuza vioo bandia, au amwachilie. Hapakuwa na njia ya tatu.

"Umelala?"

"Afande, humu mtu halali. Anazimia kidogo halafu anaamka." Mutie akapuliza chai. "Vile vioo ni halali. Nilivifunga kwa mikono hii."

"Mzee Muthama anasema vya mashariki ni halali. Magharibi ndiko ulikomwekea kioo cha kabati."

Huyu Muthama ni mfugaji wa kuku na shemasi wa kanisa. Alikuwa ameng'oa vioo vyote vya madirisha yake akaweka hivi vipya, rangi yake kama chai ya rangi, ambavyo jua likivipiga vinatoa stima. Juu ya paa hana kitu, mlangoni hana nguzo ya stima. Dirisha ndilo jenereta. Madirisha ya mashariki yanafanya kazi asubuhi, ya magharibi yanapokea zamu alasiri, na stima yote inakwenda kwenye mashine ya kutotoa vifaranga. Sasa kwa majuma mawili asubuhi stima ilikuwapo, lakini chakula cha mchana kikishaliwa inakufa, na jua nje linawaka kama limetumwa. Mayai yalikuwa yameoza ndani ya mashine.

"Ijumaa nilienda kupima," Mutie akasema. "Kweli mshale wa mita ulikuwa umelala. Nikamwambia Mzee, wacha nizunguke nyuma nivitazame kwa nje. Akanizuia kama mbuzi anayetaka kuingia shambani. Eti nyuma hakuendeki. Nikamuuliza kwa nini, akaniitia polisi."

"Nyuma kuna nini?"

"Choo, stoo, na kamba ya nguo. Wakati nafunga vioo nilishinda huko siku nzima, hakuna aliyenikataza."

Esha akainuka, magoti yakamlilia. Kama fundi ni tapeli, mbona ndiye anayetaka vioo vitazamwe? Na kama mwenye nyumba ana kitu anaficha, mbona ndiye aliyewaita polisi kwake? Kichwa chake kilikuwa kama kapu la pamba, kimejaa na hakuna cha kushika.

"Afande," Mutie akamwita kabla hajafika mlangoni. "Sokoni wameanza kuniita Kioo cha Kabati. Kesho ukinisimamisha pale, hata nikishinda, hakuna mtu Ukambani atakayenipa dirisha lake tena."

Esha akaenda kumchukua Khalid.

Khalid anauza vioo vya kawaida karibu na gurdwara ya Makindu, hekalu la Masingasinga, na tangu Mutie aanze biashara yake, vioo vya Khalid vimekaa vikishika vumbi. Alikuwa amesema mbele ya watu kwamba madirisha ya Muthama yatakufa kabla ya mvua. Esha alimtaka kwa mambo mawili: anajua kioo, na akiwa naye karibu atamwona mikono.

"Unanichukua kama shahidi ama kama mshukiwa?" Khalid akauliza alipofunguliwa mlango wa gari.

"Kaa kiti cha mbele."

"Basi mimi ni shahidi. Mshukiwa hukaa nyuma."

Walifika kwa Muthama mchana, jua limeshavuka utosi. Watu wa nyumba walikuwa kanisani, na ibada ya kwao haiishi mpaka mhubiri aishiwe na mate. Muthama alikuwa amemwachia Esha ufunguo. Sebuleni, mapazia ya upande wa magharibi yalikuwa yamefungwa, mazito kama magunia.

"Mtu ananunua dirisha la stima halafu analifunika?" Khalid akashangaa.

"Pazia liko ndani. Jua limeshapita kwenye kioo kabla ya kulifikia." Hilo Esha alifundishwa na Mutie. Akageuka kutazama mita iliyopigiliwa ukutani, na hapo akasimama.

Mshale ulikuwa kulia kabisa. Mashine ya vifaranga ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba.

"Sajenti, ulisema mchana inakufa."

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Hii imekufia wapi? Hii inaweza kuzungusha kinu cha unga."

Wakatoka wakazunguka nyuma. Kamba ya nguo ilikuwa tupu, ikipepea peke yake. Khalid akakigonga kioo kwa ukucha, akakilamba kidole akakisugua pembeni, akaweka sikio kama daktari. Uso wake ukaanguka.

"Mungu ananiona, ningependa kiwe bandia," akasema. "Lakini hiki ni kioo halali. Kingekuwa changu ningekipenda."

Esha aliufuata waya mmoja mwembamba uliotoka ukutani, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukaingia kwenye dirisha dogo la stoo. Stoo ya mayai haihitaji taa. Akausukuma mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Stoo gani hufungwa kwa ndani?"

"Panya wa huku wana adabu," Khalid akasema.

Jana jioni Esha alikuwa amemuuliza Muthama nani anaishi humu, naye akajibu bila kupepesa macho, "Mimi, mke wangu na kuku." Sasa pua yake ilinusa tumbaku ya unga ikitoka kwenye ufa wa mlango. Akainua mkono abishe. Honi ya pikapu ikalia langoni, upande wa mbele, naye na Khalid wakazunguka huko.

Muthama alishuka na koti lake la kanisani, mashavu yameng'aa kwa joto. Mkewe Kalekye alifuata na kitabu cha nyimbo kwapani. Esha aliwapa mikono harakaharaka.

"Mzee, vioo vyako ni vizima. Ingia uone kwa macho yako."

Wakaingia. Mshale ulikuwa umelala kushoto kabisa. Mashine ilikuwa kimya.

Khalid akautazama mshale, akatazama mikono yake mwenyewe, akautazama mshale tena. "Wallahi ulikuwa umesimama."

"Kila siku ni hivyo, madam," Muthama akasema kwa huzuni, bila hasira. "Mlidhani ninamsingizia kijana wa watu."

Esha akaketi kwenye mkono wa kochi. Mutie yuko seli, mkono wake haufiki hapa. Khalid alikuwa ubavuni mwake. Muthama na Kalekye walikuwa wakishuka kwenye pikapu mbele ya macho yake. Lakini katika muda wa kusalimiana tu, stima imekufa. Vioo vinafanya kazi mwenye nyumba akiwa kanisani, akirudi vinagoma.

"Labda vina shetani," Khalid akanong'ona. "Vinamkimbia shemasi."

"Mzee, twende nyuma," Esha akasema.

"Nendeni nyinyi."

"Na wewe mwenye nyumba?"

"Mimi nitakaa hapa." Akavuta kiti, akakigeuza, akaketi uso ukielekea mashariki, mgongo kwa mapazia. Esha ameona watu wenye hatia wengi, na wote huketi hivyo. Kwa pumzi moja alifikiria kwamba amemfunga mtu asiye na kosa na mwenye kosa amemwachia kiti.

Akamwacha Khalid mbele ya mita na amri ya kupaza sauti mshale ukitikisika, akazunguka peke yake.

Kamba ya nguo haikuwa tupu tena. Mablanketi matatu, shuka, na leso mbili zilikuwa zimeanikwa ncha kwa ncha, ukuta mzima wa nguo kati ya madirisha na stoo. Alishika blanketi la kwanza. Kavu. La pili, kavu. Chini yake vumbi lilikuwa vumbi, hakuna hata tone. Na hapa Makindu ni mahali ambapo maji yanaletwa na punda, na mtu akifua blanketi mtaa mzima unajua ana wageni au ana wazimu.

Akalivuta blanketi kando. Jua likarukia kioo.

"Sajenti," Khalid akaita kutoka ndani. "Umepanda."

Akaliachia.

"Umelala."

Akalivuta.

"Umepanda tena. Unafanya nini huko?"

"Nakaguakagua."

Basi alijua vioo vinakufaje. Ni kivuli, kitu ambacho hata mtoto hukijua. Lakini nani angemficha shemasi jua lake kila alasiri, na kumpumzisha Jumapili mpaka atoke kanisani? Aliposikia nyayo akageuka. Kalekye alikuwa nyuma yake.

"Mama, hizi umefua saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kabla ya kanisa?"

"Eeh."

"Mbona sasa hivi tu kamba ilikuwa tupu?"

Kalekye akatazama kitabu chake cha nyimbo kana kwamba jibu limo humo. "Madam," akasema polepole, "wewe umezaliwa Kitui. Unajua nthoni."

Alijua, na hakujua. Tangu utotoni alilisikia neno hilo kwa majirani, ile aibu ya heshima: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawapishani njiani, hawatajani jina. Lakini kwao mjini Kitui mama yake Esha na mkwewe, mume wa Esha, hula sinia moja wakinyang'anyana paja la kuku. Nthoni aliijua kama mtu anavyoujua mlima kwa kuuona mbali.

Kalekye akabisha mlango wa stoo. "Mwaitu, mama yangu, ni mimi. Niko na mama wa polisi. Hakuna mwanamume."

Komeo likalia. Ndani kulikuwa na kitanda, kigoda, balbu moja, na bibi mwembamba amejifunika leso mpaka kwenye nyusi, kopo la tumbaku mkononi. Ni Bi Syombua, mama yake Kalekye, kutoka Migwani. Alikuja kutibiwa macho. Alikaa miaka mingi akiona ukungu, madaktari wakamtoa ukungu, na sasa alikuwa anangoja kuangaliwa mara ya mwisho arudi kwake.

"Mama," Esha akasema, "kwa nini unaanika nguo kavu?"

"Nipite niende choo. Yule ananitazama."

"Nani?"

Bi Syombua akaziba mdomo kwa leso.

"Hawezi kumtaja," Kalekye akaeleza. "Hata mume wangu hawezi kusema kwamba mama yuko hapa. Atamtajaje?"

"Nilipokuja na macho yangu ya ukungu nilikuwa napita tu, sina neno," Bi Syombua akaendelea. "Siku waliponifungua bandeji nikatoka hapo nje, nikamwona amesimama dirishani. Amenikodolea macho. Nikasimama, naye akasimama. Nikakimbia, naye akakimbia. Mtu mzima, tena wa kanisa, anamkimbiza mama mkwe dirisha mpaka dirisha."

Kalekye alikuwa ameduwaa. "Mwaitu, mimi uliniambia unaona haya tu."

"Nikuambie mume wako hana adabu?"

Esha alihisi kapu la pamba kichwani linaanza kuwa na uzi. "Mama, huyo mtu ana sura gani?"

"Mzee. Amekonda, amekunjamana kama ndizi ya juzi. Nikasema, aiya, mwanangu tulimwozea babu yake."

Sasa nyinyi hamjamwona Muthama. Mashavu ya Muthama yangetosha watu wawili na yakabaki ya mgeni. Esha akauma mdomo.

"Kabla ya siku ile, umewahi kumtazama usoni, hata mara moja?"

"Nitamtazamaje? Kwetu sisi si watu wa barabarani."

Esha akamshika mkono akamtoa nje. Aliyashusha mablanketi yote matatu, akamsimamisha mbele ya dirisha. Kwa ndani pazia lilikuwa limefungwa, kwa hiyo kioo kilikuwa cheusi na kilirudisha kila kitu.

"Unawaona wangapi?"

"Wawili." Sauti ya Bi Syombua ikashuka. "Leo amemleta mwanamke. Kalekye, usitazame."

"Huyo mwanamke amevaa mtandio mweusi?"

"Ndiyo."

Esha akainua mkono. Mwanamke wa kiooni akainua mkono. Bi Syombua akatazama kwa muda mrefu. Halafu, polepole, kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto, akainua wa kwake.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mwaitu," Kalekye akasema.

Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akajigusa shavu. "Nilipoacha kujiona," akasema, "sikuwa hivi."

Mwishowe akajifunika leso yake vizuri, akamgeukia Esha. "Yule wa ndani asijue nilidhani ni yeye. Akijua, leo hii ninakwenda Migwani kwa miguu, na macho yangu niyaache hapa."

"Hatajua," Esha akaahidi, na ahadi ilipomtoka tu akaona amejifunga kamba. Mlalamishi ni Muthama. Asipoondoa malalamiko, Mutie kesho yuko kizimbani. Na Muthama hataondoa malalamiko bila sababu, na sababu yenyewe ndiyo hiyo isiyotajika.

Aliingia sebuleni. Muthama alikuwa bado anatazama mashariki.

"Imekuwa nini?" Khalid akauliza.

"Khalid, nenda ukaangalie gari."

"Gari lina nini?"

"Liko peke yake."

Khalid akatoka akinung'unika. Esha akakaa mbali kidogo na Muthama, naye akatazama mashariki, ili wasionane usoni.

"Mzee, jana nilikuuliza nani anaishi hapa."

"Nikakujibu."

"Ulinijibu. Leo sikuulizi. Nakuambia tu hivi: upande ule usiokwenda, kila alasiri ukiwa nyumbani, kuna kivuli."

Mashine ya vifaranga ilikuwa inanguruma tena nyuma yao. Kidogo kidogo jasho likamshuka Muthama kutoka kwenye nywele mpaka shingoni.

"Kivuli cha nguo," akasema.

"Cha nguo."

"Na mimi ndiye niliyefunga haya mapazia. Ili nisije nika..."

"Najua, Mzee."

"Na kule nje vilevile..."

"Vilevile."

"Kwa hiyo sote wawili tulikuwa..." Akavua kofia akaiweka juu ya goti. "Usiendelee, madam. Nimesikia."

"Sijaendelea."

"Na kijana wa watu yuko seli."

"Yuko seli. Na mimi siwezi kuandika kwa nini atoke."

Muthama akaigeuza kofia juu ya goti. "Andika kosa ni langu."

"Kosa gani? Mkuu wangu ataniuliza."

"Andika sikuizunguka nyumba yangu." Akainuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasema na ukuta kwa sauti ya kusikika nje, "Kalekye, kesho watu waje wachimbe choo kingine, nyuma ya stoo kabisa. Kuku wanakihitaji."

Jioni hiyo Muthama alifuta malalamiko kituoni, Mutie akatolewa. Alisimama kaunta akifunga kamba za viatu, na macho yake hayakutoka kwa Muthama.

"Vioo vilikuwa na nini?"

"Ni vizima," Muthama akasema.

"Nimelala kwenye sakafu kwa ajili ya vioo vizima? Niambie kosa lilikuwa wapi."

Muthama akatazama sakafu. Mutie akamtazama Esha, Esha naye akatazama sakafu.

"Lilikuwa kwangu," Muthama akasema. "Zaidi ya hapo usiniulize, mwanangu."

Mutie akachukua begi lake. Hapo Mzee Muthama akainama akambeba Mutie mabegani, mzima mzima, na begi lake na viatu vyake, akatoka naye barabarani akiimba wimbo wa kanisa, na malori ya Mombasa yakasimama foleni mpaka Kibwezi kuwapisha...

"Mabegani?" Khalid ananikatiza. Nilikuwa ninamsomea sura hii dukani kwake, na sasa ameweka miwani chini.

"Mabegani."

"Muthama, na ule mgongo?"

"Alipata nguvu."

"Mimi nilikuwa pale. Mutie alitoka akatangulia, hasemi na mtu. Muthama akaiacha pikapu kituoni, akamfuata kwa miguu. Kila mlango wa duka ambako alikuwa amesema Mutie ni mwizi alisimama akasema, 'Nilikosea, vioo ni halali.' Wakimuuliza amekosea vipi, anainamisha kichwa. Watu walimcheka, wengine wakamfuata ili wacheke zaidi. Alipofika hapa kwangu sauti ilikuwa imekwisha, akawa anaonyesha kwa mkono tu. Na ni hapo, mbele ya huu mlango, Mutie alisimama akamngoja. Wakaenda pamoja. Hakuna wimbo, hakuna lori lililosimama."

Nimefuta mabega, nimefuta wimbo, na malori nimeyaacha yaende zake. Khalid ameagiza chai ya maziwa na mandazi manne, ananyoosha kidole kwangu ili mwenye chai ajue wa kumdai. Natoa pesa mfukoni. Mimi ananizuia chumvi, huyu mtu hata sukari anaongeza.